Ngoma Haina Rejista

Wasee, nianze na swali. Mara ya mwisho mtu alikufunza kucheza densi ilikuwa lini? Sijauliza mara ya mwisho ulidensi. Kudensi tunadensi kila wiki, kwa harusi, kwa nyumba, kwa matatu ya Voi ikipanda Mwatate na mziki umefunguliwa hadi vioo vinatetemeka. Nauliza kufunzwa. Mtu anakuonyesha hatua, unakosea, anakungoja, anarudia, mpaka mwili wako unaishika.

Hili swali nimeuliza watu wengi hapa Wundanyi na jibu huwa karibu lile lile: "Shuleni, wakati wa tamasha." Halafu wanagawanyika. Kuna wale wanaanza kukuhadithia vile walifika kaunti, vile basi la shule liliimba njia nzima, vile waliibiwa na majaji. Na kuna wale wanasema maneno mawili tu: "Sikuchukuliwa."

Hii post ni ya hao wa pili. Ni wengi kuliko wa kwanza, na hakuna mtu huwaongelea.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927. Ni karibu miaka mia moja. Lina ngazi zake: unashindana chini, ukipita unaenda kaunti, ukipita unaenda eneo, ukipita unaenda taifa, na washindi wanachezea Rais. Kuna pia tamasha la drama, ambalo lina densi zake za kubuni. Ukweli usemwe, kwa vijana wengi wa vijijini haya matamasha ndiyo darasa pekee la densi tulilowahi kuwa nalo. Walimu wengi wanaofunza wanafanya hiyo kazi jioni, baada ya vipindi, bila kuongezwa shilingi. Watu wengi wa Kenya wanaolipwa leo kwa kucheza walianza hapo. Siwezi kulidharau.

Lakini angalia vile kitu chenyewe kinafanya kazi. Shule ina wanafunzi mia sita. Steji inataka kama thelathini. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mwalimu inakuwa kuchuja. Anawapanga laini, anawapigia ngoma dakika mbili, halafu anatembea akigonga watu mabegani. Waliogongwa wanafunzwa miezi miwili. Waliobaki wanarudi prep. Yaani yule ambaye tayari anajua ndiye anapata mwalimu, na yule ambaye hajui anaambiwa hajui, basi. Hebu fikiria tungefanya hivyo na hesabu. Siku ya kwanza ya muhula mtihani, walioanguka waende wakalime shamba la shule, waliopita ndio wafunzwe hesabu.

Kwenye shule niliyosoma, na sitaitaja, kulikuwa na jamaa aliyezaliwa na mguu mmoja umepinda. Huyo jamaa alikuwa na sikio la ajabu. Mpe ndoo na vijiti viwili, anakupigia mdundo wowote aliousikia mara moja. Siku ya mchujo alisimama kwenye laini kama sisi wote. Mwalimu alimpita, hakusema kitu, akamgonga aliyefuata. Baadaye jamaa akaambiwa anaweza kusaidia kubeba ngoma. Hata kuzipiga hakuruhusiwa, kwa sababu mpigaji naye anaonekana kwa steji, na majaji wanaangalia mwonekano wa kundi. Miaka mitatu alizipakia kwenye basi na kuzishusha, ngoma ambazo angezipiga kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani ya hilo basi.

Hakuna mtu alimtukana, na hiyo ndiyo shida. Ukiuliza mtu yeyote pale kama wanabagua walemavu, angeapa kwamba hapana, na angekuwa anaamini anachosema. Ubaguzi wenyewe ulikuwa umeshapangwa ndani ya utaratibu. Ukishaamua lengo la densi ni kombe, lazima uache mtu nje.

Sasa orodhesha wanaoachwa. Mwenye magongo au kiti cha magurudumu. Kiziwi, kwa sababu "atasikiaje ngoma." Msichana mnene. Kijana ambaye nyumbani wameambiwa densi ni ya wasichana. Msichana ambaye baba yake hataki akatike kiuno mbele ya watu. Yule ambaye mama yake hana pesa ya mavazi na safari. Yule ambaye ana aibu tu. Na halafu kuna kundi kubwa zaidi la wote: yule ambaye hayuko shule.

Hapa naingia mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Story ni ndefu na si ya leo. Lakini kuna kitu kimoja hakuna mtu hukuonya kuhusu kuacha chuo. Tamasha lina vitengo vya shule za msingi, za upili, vyuo na vyuo vikuu. Ukiwa na namba ya usajili, una mahali. Siku ile namba inakufa, unakuwa mtazamaji. Nilikuwa na miaka 20, miguu yangu yote miwili mizima, na mlango wa mwisho wa kufunzwa densi ukawa umefungwa. Katiba yetu inasema kijana ni mtu wa kuanzia miaka 18 mpaka kabla hajafika 35. Hiyo ni miaka kumi na saba ya ujana. Densi yetu inakufunza mpaka siku ya mwisho ya shule, halafu inakuambia kwaheri.

Mtu ataniambia, "Kwani hakuna intaneti?" Ipo. Mimi mwenyewe nakula kupitia video, kwa hivyo niko na haki ya kuiongelea. TikTok inakuonyesha watu wanaojua, hairudi nyuma kukungoja. Inataka bando, na bando la saa moja ya video ni chakula cha mtu. Inapenda mwili wa aina fulani, na chumba chenye mwanga fulani. Maelezo mengi yanatamkwa tu bila maandishi, kwa hivyo kiziwi anabaki kubahatisha. Na hakuna mtu wa kukuambia kwamba goti lako linaenda pembeni na utaumia. Simu inaweza kukupa hamu ya kucheza, lakini haiwezi kukushika mkono ukianguka.

Sasa wacha niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu mambo hayakuwa hivi hapa milimani.

Neno lenyewe ngoma linaeleza. Kwa Kiswahili ngoma ni kile chombo cha ngozi, ni densi yenyewe, na ni ile shughuli nzima ya watu kukutana. Neno moja. Wazee hawakuona sababu ya kutenganisha anayepiga, anayecheza na aliyekuja.

Mwaka wa 1957 mwanaanthropolojia anayeitwa Grace Harris alichapisha makala kuhusu kitu alichokikuta huku Utaita, kinaitwa saka. Saka ilikuwa inawashika hasa wanawake walioolewa. Mtu anaanza kutetemeka, kichwa kinaenda huku na huku, fahamu zinaweza kupotea. Wakati mwingine ilianza kwa kuona au kusikia kitu anachokitamani na hawezi kukipata. Na moja ya tiba ilikuwa ngoma ya hadharani. Wanawake walikuja wakacheza, wengine wamevaa vitu vya kiume, kofia ya mwanaume kichwani na fimbo mkononi. Harris aliona kwamba hawa walikuwa wanawake ambao ardhi, mifugo na pesa vilikuwa mikononi mwa waume zao. Unaweza kukubali maelezo yake au ukatae. Mimi kinachonigusa ni kitu kidogo sana: ngoma ilipigwa kwa ajili ya yule ambaye hayuko sawa. Aliyeshikwa ndiye alikuwa katikati. Hakuna mtu alimwambia asubiri apone kwanza ndio achukuliwe kwenye timu.

Tuna pia Mwazindika, ngoma ya kiroho ya Wadawida, ambayo wazee bado wanaipiga na inahusishwa na uponyaji na shukrani. Kenya imeipeleka UNESCO, kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Isukuti ya Waisukha na Waidakho kule magharibi iliingia kwenye orodha hiyo 2014. "Kulindwa haraka" ni njia ya heshima ya kusema kitu kinakufa. Na kinakufa kwa sababu ya hesabu rahisi. Ukifunza watu thelathini kwa shule, na wote wanaacha kucheza wakimaliza, baada ya miaka ishirini huna mtu. Una picha na vikombe.

Sisemi turudi kwa mambo ya pepo. Najua wengi wenu mmelelewa kanisani, mimi pia. Wamisionari walifika Sagalla 1883 na Bura 1892, kwa hivyo hii si imani ya jana, ni ya babu wa babu. Kuna nyumba hapa ukitaja Mwazindika mama anainuka anaenda jikoni. Hiyo ni sawa, na nitaifikia. Hoja yangu ni kwamba kumweka kando mtu dhaifu si mila yetu. Ni mazoea ya mashindano.

Na hii ndiyo sababu naandika sasa. Kuanzia Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia gredi ya 10. Kuna mikondo mitatu: ule wa sayansi na teknolojia, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na michezo. Ndani ya huo wa tatu kuna somo linaitwa Muziki na Densi. Rudia polepole: densi sasa ni somo. Mtoto wa Kenya anaweza kukaa darasani, akafunzwa densi, akatahiniwa. Miaka yote tumelilia hili.

Lakini makadirio ya serikali ni kwamba kama asilimia 60 ya wanafunzi wataenda sayansi, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Na si kila shule inafunza kila mkondo, kwa sababu inategemea walimu na vifaa. Sasa jiulize ni nani atapata hilo somo. Je, ni mtoto wa shule ya kutwa ya karibu na kwao, ambaye hana pesa ya bweni? Ni mwenye kiti cha magurudumu kwa shule ambayo madarasa yako juu ya mteremko kama huu wetu? Nenda kwa shule iliyo karibu nawe uulize swali moja: mnafunza Muziki na Densi, na nani anaifunza? Tusipouliza mapema, somo litakuwa la shule chache kubwa, na mchujo wa zamani utakuwa umepata jina jipya.

Kuna kitu kingine nataka tukubaliane kabla sijafika kwa mapendekezo. Tunapenda sana story ya nyota. Joel Kioko alitoka mtaa wa Kuwinda, Nairobi, akafika kusomea ballet London. Ghetto Kids wa Kampala walifika fainali ya Britain's Got Talent 2023 na Afrika Mashariki yote ikalia machozi ya furaha. Mimi pia nililia. Lakini hizo story zikirudiwa sana zinatufunza vibaya. Zinatuambia densi ni ya maskini mwenye kipaji kikubwa. Bado ni mchujo, tofauti ni kwamba sasa tunachuja maskini. Mtoto wa kawaida wa Mgange ambaye hatawahi kufika London, anayetaka tu mwili wake usimwaibishe, ana haki ya kufunzwa pia. Nikisema densi ya kila mtu namaanisha huyo.

Na inawezekana, kwa sababu watu wameshaifanya karibu na sisi.

Kampala, mwaka wa 2006, kijana anayeitwa Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda. Mafunzo ni bure, mlango hauna mchujo, na ukishajua kitu kimoja unatarajiwa kumfunza mwingine. Mtoto wa mtaani anaweza kumfunza mwanafunzi wa chuo kikuu kuzunguka kwa mkono. Addis Ababa, miaka ya 1990, watoto wa mtaani walifunzwa densi kwa uzito kabisa, na kutoka kwao likazaliwa kundi la Adugna. Baadaye Adugna wakafanya kazi na wacheza densi wenye ulemavu, wakisaidiwa na Adam Benjamin, mmoja wa waanzilishi wa Candoco, kundi la London ambalo lilianza 1991 kuweka wachezaji walemavu na wasio walemavu kwenye steji moja. Hapa kwetu Nairobi, Pamoja Dance Group wamefanya hivyo hivyo. Na Kibera, Michael Wamaya alifunza watoto ballet ndani ya madarasa ya kawaida, madawati yakitolewa nje. Mwaka wa 2017 aliingia kumi bora wa tuzo ya mwalimu bora duniani. Angalia walichotumia: sakafu, mziki, mwalimu, muda. Jumba la milioni si lazima.

Sasa turudi Wundanyi. Ingekuwaje hapa?

Kwanza, isiite rejista. Darasa la Jumamosi mchana, saa nane, ambapo hakuna mtu anakuuliza uko kidato gani. Kumbi zipo, za kanisa na za serikali, na vyuo vya ufundi vya kaunti vina vyumba vikubwa ambavyo wikendi vinalala. Na kwa sababu hii ni milima, si haki kumwambia kila mtu ashuke mjini. Wanaojua Werugha wanajua ukungu unavyoingia mapema na magari yanavyokuwa ya shida. Mwalimu mmoja kupanda bodaboda kwenda huko ni rahisi kuliko watoto ishirini kulipa nauli kuja.

Pili, isiwe na mchujo. Waliofika ndio kundi, na hatua zinapangwa kulingana na waliofika. Hii inatisha watu lakini ni kazi ya kawaida ya mwalimu. Hatua ya densi, ukiichunguza, ni uzito unaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mwenye kiti cha magurudumu anauhamisha kwa kiwiliwili. Mwenye magongo ana miguu minne, na ukimwacha atakuonyesha vitu huwezi. Ngoma nyingi za Pwani zinaongea kwa mabega. Mabega hayaulizi mguu uko vipi.

Tatu, lugha. Kiziwi hahitaji kuhurumiwa, anahitaji mdundo umfikie. Weka ngoma kubwa kwenye sakafu ya mbao, mwambie avue viatu. Mwache aweke kiganja kwenye ngozi ya ngoma. Hesabu kwa vidole badala ya kupiga kelele. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, na kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wake. Mwalimu akijifunza ishara hamsini za darasani, kama anza, simama, tena, polepole, vizuri, mlango umefunguka.

Nne, nguo na watoto. Njoo na ulichovaa. Mwenye hijabu abaki nayo, mwenye sketi ndefu abaki nayo. Asiyetaka kukatika kiuno asikatike, tumpe hatua nyingine bila kumtolea macho. Na weka mkeka pembeni. Kuna wasichana wengi hapa walioacha shule kwa sababu ya mimba. Hao ndio watu wa kwanza ningetaka kuwaona, na hawawezi kuja kama mtoto hana pa kukaa.

Tano, usalama, na hapa sichekeshi. Mzazi akiuliza, "Nani huyo anamfunza msichana wangu, na wanafanyia wapi?" hilo swali ni halali kabisa. Walimu wawili kila wakati, mmoja awe mwanamke. Mlango wazi. Unamshika mwanafunzi ukishamwomba ruhusa, na akisema hapana ni hapana. Hakuna mtoto kurekodiwa na kuwekwa mtandaoni bila mzazi kukubali, na hii najiambia hata mimi mwenye kamera. Watu wengi huku wanaona densi kama njia ya kupotea kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa darasa lenye sheria. Tuwaonyeshe.

Sita, wazee walipwe. Mzee anayeijua Mwazindika ni mwalimu. Usimwite aje bure, umpe soda na picha. Mlipe kama unavyomlipa fundi. Na yeye ndiye aseme ni sehemu gani inafunzwa kwa kila mtu na sehemu gani ni ya ibada haiguswi. Na yule ambaye imani yake inakataa, aje ajifunze hatua nyingine. Mlango mmoja, vyumba vingi.

Nasikia wawili wenu mnaguna. Wa kwanza anasema: ukichukua kila mtu, kiwango kitashuka. Bro, angalia mpira. Kila kijana wa Taita amecheza mpira, wa matambara, wa ngozi, kwa barabara, kwa shamba lililovunwa. Hakuna mtu alifanyiwa mchujo ndio aruhusiwe kupiga mpira teke. Na kutoka kwa hao wote ndio timu zinapata wachezaji. Ukiwa na watu elfu wanaojua densi kidogo, hutakosa thelathini wazuri sana. Na hao thelathini watachezea watu wanaoelewa wanachokiona.

Wa pili anasema: kaunti hii ina shida ya maji, ndovu wanamaliza mashamba, karo hakuna, na wewe unaleta mambo ya densi? Hili nalichukua kwa heshima, kwa sababu hizo shida ni zangu pia. Lakini kumbuka Mei 2024, wakati Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka. Kila mtu mzima aliongea. Vijana wanaharibika, vijana wanakaa tu, vijana wanatafuna. Mwezi mzima tuliambiwa kitu cha kuacha. Mimi sikusikia mtu akisema saa hiyo iliyobaki, kuanzia saa nane mpaka jioni, tuende wapi. Muguka inakupa kampani, inakupa mahali pa kukaa, haikuulizi cheti. Kama tunataka kushindana nayo, tulete kitu ambacho pia hakiulizi cheti.

Kwa hivyo maombi yangu ni madogo na yana anwani.

Kwa walimu wa tamasha: msimu ukiisha, mavazi yanaingia kwenye sanduku na ngoma zinafungiwa stoo mpaka mwaka ujao. Muhula wa tatu, chukua Ijumaa moja kwa wiki, fungua hiyo stoo, na uite wale tu ambao hawakuchukuliwa. Usiwatayarishie shindano. Wafunze ile ile densi.

Kwa kaunti: ukumbi mmoja, Jumamosi, ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana, na posho ya mzee mmoja na walimu wawili. Mnatumia zaidi kwa mahema ya sherehe ya siku moja.

Kwa makanisa: kwaya zenu huchukua mtu yeyote mwenye moyo, hata sauti ikiwa mbaya. Mnajua tayari vile inafanywa. Tukopesheni ukumbi.

Kwa wewe ambaye ulichukuliwa, uliyefika kaunti na bado unakumbuka hatua zote: hizo hatua umezibeba za nini? Tafuta mtu mmoja wa mtaa wako ambaye hakuchukuliwa. Mpe nusu saa. Ukikosa ukumbi, uwanja wa nyumbani unatosha.

Na wewe ambaye hukuchukuliwa, haijalishi ilikuwa mguu, uzito, pesa, aibu au namba ya usajili. Yule mwalimu alikuwa anatafuta kombe, na ulikuwa na dakika mbili. Hakuna mtu aliwahi kukufunza, kwa hivyo usiseme huwezi.

Yule jamaa wa ngoma, kwa wale mtauliza, siku hizi ana kibanda cha kutengeneza simu. Nikipita pale huwa namsikia kabla sijamwona. Vidole vinapiga meza, bisibisi inapiga kopo, wateja wanatingisha vichwa bila kujua. Nilimuuliza juzi kama tukipata ukumbi angekuja. Akaniuliza, "Kubeba?" Nikamwambia hapana, kufunza. Amesema Jumamosi anafunga saa saba.